"Vile Mutaona" Si Bei

Swali la mshahara huja mwishoni mwa mahojiano ya kazi, maji ya chupa yamekwisha na shefu, yaani bosi, ameshafunika kalamu yake. "Basi, kijana, unataka ngapi?" Jibu nalijua kabla halijatoka. Hapa Lubumbashi nimelisikia kwa waliosoma shule ya informatiki ya ESIS Salama, kwa waliotoka politekniki ya UNILU, chuo kikuu chetu, na kwa waliojifunza wenyewe usiku kwa simu: "Vile mutaona, papa." Yaani, kiasi mtakachoona ninyi.

Ni maneno ya heshima. Mtoto aliyelelewa Katuba au Kamalondo hafundishwi kumtajia mkubwa bei usoni. Mimi pia niliyasema, mwaka wangu wa kwanza wa kazi, mbele ya meza ya kampuni ndogo iliyouza huduma za kompyuta kwa migodi ya shaba. Wakaona dola 300 kwa mwezi. Nikashukuru kwa mikono miwili. Miezi minane baadaye nilipewa kazi ya kurekebisha programu ya ankara ya kampuni hiyohiyo, kwa sababu ilikuwa ikikosea TVA, kodi ya ongezeko la thamani. Ili kupima marekebisho nikafungua ankara halisi ya mteja wetu mkubwa. Mstari wa nne ulikuwa mimi: developa mmoja, mwezi mmoja, dola 2,100.

Sikuibiwa. Bosi wangu alikuwa na ofisi ya kulipia, jenereta ya kunywesha mafuta, na mteja ambaye ankara ya Januari aliilipa Aprili. Gharama hizo ni za kweli na leo nazibeba mwenyewe. Lakini kati ya 300 na 2,100 si gharama tupu iliyokuwemo. Sehemu ya pesa hiyo ilikuwa bei ya maneno yangu mawili.

Wanaotoa ushauri kuhusu jambo hili husema vijana wetu hawana ujasiri. Sikubaliani nao hata kidogo. Kijana yuleyule aliyesema "vile mutaona" saa nne asubuhi, saa nane yuko kwenye soko la Kenya, mtaa wa hapahapa mjini, akipatana bei ya viatu, na muuzaji akimtajia faranga 40,000 anacheka, anageuka, anaitwa tena. Kupatana bei tunakujua tangu utotoni. Shida ni kwamba kichwani mwetu mshahara haukuwahi kuwa bei. Ulikuwa matunzo.

Hilo lina historia, na historia yenyewe iko mbele ya macho ya kila anayepita karibu na bomba refu la moshi na mlima mweusi wa takataka za madini. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1920, Union Minière, kampuni ya Kibelgiji ya shaba, iliamua kumpendelea mfanyakazi aliyekuja na mke. Ikajenga makambi, shule, hospitali, na ikagawa posho: unga, maharagwe, samaki, kwa kuhesabu vichwa. Mwenye mke na watoto watano alibeba zaidi ya kapera, hata kama wote wawili walichimba shimo moja. Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, ilipoirithi kampuni hiyo baada ya kutaifishwa mwaka 1967, ilirithi pia desturi hiyo, na wazee wetu wakapata msemo ambao hadi leo unasikika: kazi njo baba, njo mama (kazi ndiyo baba, ndiyo mama). Baba humwombi bei. Unamweleza shida, naye anaona.

Kisha baba akafilisika. Miaka ya 1990 mishahara ikacheleweshwa miezi kwa miezi, na kati ya 2003 na 2004 mpango wa "kuondoka kwa hiari" uliogharamiwa na Benki ya Dunia uliwatoa kazini watu zaidi ya 10,000 kwa kupewa malipo ya mara moja. Katika nyumba nyingi za mji huu kuna mzee aliyeondoka hivyo. Watoto na wajukuu wa wazee hao ndio wanaoandika programu leo. Posho hawajawahi kuila, lakini wanaingia kwenye mahojiano wakiwa bado wamekinga mkono. (Ndugu zetu wa Tanzania wanalitumia neno hilohilo, posho, kwa pesa ya vikao na safari. Neno limesafiri mbali, na maana ya kupewa bado imeling'ang'ania.)

Mji huu una kumbukumbu nyingine pia, na ningependa vijana waichukue hiyo. Desemba 1941, wakati wa vita, wafanyakazi weupe wa Union Minière walikuwa wamekwisha kugoma wakidai nyongeza. Weusi nao wakadai yao. Walikusanyika kwenye uwanja wa mpira, na tarehe 9 askari wakawafyatulia risasi. Léonard Mpoyi, aliyekuwa akisema kwa niaba yao, ni miongoni mwa waliouawa. Watu wale walitaja kiasi kwa sababu ya kazi waliyofanya, mbele ya bunduki. Siamini kwamba wajukuu wao wana aibu ya kuzaliwa nayo inayowazuia kutaja kiasi mbele ya meza yenye chupa ya maji.

Fikra ya posho ina ubaya mwingine unaoonekana pale tu unapokaa upande wa pili wa meza. Mshahara ukipimwa kwa shida za mtu, mwajiri anapata haki ya kuzihesabu shida hizo. Kapera anaambiwa: "Huna mtoto, za nini zote?" Dada aliyesimamia hifadhidata ya hospitali nzima kwa miaka miwili anaulizwa mumewe anafanya kazi wapi. Nimekaa kwenye kikao ambamo mtu mzima, mwenye akili zake, alisema huyu mama mume wake yuko mgodini, tumpe kidogo, atatosheka. Na aliyejieleza kwa ada za watoto akapewa zaidi kuliko yeye, kwa kazi ndogo kuliko yake. Mwombaji anapoanza kwa kusema "mwenye nyumba yangu anadai kodi ya miezi sita", amekwisha kuwakubalia wahesabu vichwa. Safari ijayo watahesabu na kukuta ana vichwa vichache.

Ajabu ni kwamba sheria yetu ilishatenganisha mambo haya mawili. Sheria ya Kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002, ile tunayoiita Code du travail, katika kifungu cha 7, inaorodhesha yanayohesabika kuwa ujira na yasiyohesabika. Nje ya ujira imeweka matibabu, nyumba au pesa ya nyumba, posho za familia za kisheria, pesa ya usafiri, gharama za safari, na vyote anavyopewa mfanyakazi ili tu aweze kuifanya kazi yake. Soma hapo polepole. Midomo ya nyumbani ina mlango wake: kwa kila mshahara, mwajiri anapeleka CNSS, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, asilimia 6.5 kwa ajili ya posho za familia. Kwamba mlango huo unafunguka kwa shida, kila mtu anajua. Lakini kisheria watoto wako wameshazungumziwa kwingine. Mezani panabaki kazi tu, na kazi ina bei.

Kifungu hichohicho kinajibu ujanja mwingine niliokutana nao mara nyingi. "Mshahara ni mdogo kidogo, lakini tunakupatia kompyuta na intaneti." Kompyuta si mshahara. Dereva wa lori hakatwi kwa sababu amepewa lori.

Turudi kwenye hesabu, maana hapa ndipo wengi huangukia hata wakishapata kinywa cha kutaja kiasi. Chukua mshahara wa bruti, yaani kabla ya makato, wa dola 1,000. Mfanyakazi anakatwa asilimia 5 ya CNSS, zinabaki 950, na hapo kodi ya mshahara bado haijapita. Mwajiri kwa upande wake anaongeza asilimia 13 ya CNSS na, kama kampuni ina watu wasiozidi 50, asilimia 3 ya INPP, taasisi ya mafunzo ya kazi. Yeye anatoa 1,160, kabla ya ONEM, ofisi ya taifa ya ajira, na mengine madogo. Kwa hiyo mnapozungumza "elfu moja", mmoja ana 1,160 kichwani na mwingine anawaza kitakachoingia mfukoni, na wote wawili wanaitikia kwa kichwa kana kwamba wameelewana. Neno la kwanza la kuuliza ni moja: bruti au neti, kinachobaki baada ya makato? Asiyeuliza atajibiwa na karatasi ya malipo ya mwezi wa kwanza, na wakati huo ameshaacha kazi ya zamani.

Neno la pili ni msingi, yaani ujira wenyewe bila pesa ya nyumba na usafiri. Nikupe ofa mbili. Ya kwanza ina jumla ya dola 1,000: msingi 500, nyumba 300, usafiri 200. Ya pili ina jumla ya 900: msingi 800, usafiri 100. Karibu kila kijana niliyemwonyesha anakimbilia elfu moja. Sasa angalia. Tawi la pensheni la CNSS linapokea asilimia 10 ya ujira, nusu yako na nusu ya mwajiri: katika ofa ya kwanza ni dola 50 kwa mwezi, katika ya pili ni 80. Ukiahidiwa nyongeza ya asilimia 10 ya msingi, ni 50 au 80. Na saa za ziada? Wiki ya kisheria ni saa 45. Saa 6 za kwanza zinazozidi hapo zinalipwa kwa nyongeza ya asilimia 30, zinazofuata 60, na siku ya mapumziko 100. Kila aliyewahi kuhamisha seva ya kampuni usiku wa Jumamosi hadi Jumapili jioni, ili Jumatatu watu wakute mfumo umewaka, anajua saa hizo ni nyingi. Zikikokotolewa juu ya ujira wa 500, unalipwa kwa kipimo kidogo kwa kazi kubwa.

Sisemi ofa ya kwanza ni wizi. Pesa ya nyumba, ndani ya mipaka fulani, haitozwi kodi ya mshahara, na mwenye kodi ya nyumba ya kulipa mtaa wa Bel-Air mwezi huu anaweza kuhitaji noti leo kuliko pensheni ya mwaka 2055. Achague. Lakini achague akijua, maana mwenye kampuni hakosi mhasibu wa kumchagulia.

Kuhusu nani ataje kiasi kwanza, mimi nina msimamo ambao wenzangu wengine hawaupendi: taja wewe. Mwaka 1974 wanasaikolojia Amos Tversky na Daniel Kahneman walichapisha jaribio ambalo lingestahili kubandikwa ukutani katika kila shule yetu ya informatiki. Walizungusha gurudumu lililopangwa kusimama kwenye 10 au 65, kisha wakawauliza watu: nchi za Afrika ni asilimia ngapi ya wanachama wa Umoja wa Mataifa? Waliokuwa wameona 10 walikadiria, kwa wastani wa kati, 25. Walioona 65 walisema 45. Gurudumu halikuwa na uhusiano wowote na Afrika, lakini namba ya kwanza iliyoonekana ilizivuta zote zilizofuata. Kijana anaposema "vile mutaona" anamwachia mwenzake gurudumu. Na atakayetaja 300 kwanza amekwisha kuifanya 400 ionekane ukarimu.

Lakini namba isiyo na mizizi haivuti kitu, inachekwa. Mizizi yake ipo hapa mjini. Fikiria programu ya mizani kwenye lango la kiwanda. Ikizima, lori halipimwi. Lisipopimwa halipati karatasi. Lisipopata karatasi haliendi Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Nimeona foleni ya malori hadi nje ya ukuta, madereva wamelala chini ya tela, kwa sababu ya mstari mmoja wa tarehe ulioandikwa vibaya. Anayeweza kuirudisha mizani hiyo ndani ya saa moja, akiwa hapahapa, anajua mbadala wake ni nini: mtaalamu wa kupandishwa ndege kutoka Johannesburg, hoteli, gari la kumpokea uwanja wa ndege wa Luano, na siku mbili za kusubiri. Bei yake ianzie huko. Vivyo hivyo aliyeandika programu ya mishahara inayokokotoa kodi na CNSS bila kosa, au aliyeunganisha ada za shule na M-Pesa na Airtel Money hadi bursari haendi tena benki na begi la noti. Aseme alichofanya, kimeokoa nini, kisha ataje kiasi na anyamaze. Kunyamaza ndiko kugumu. Sisi watu wa Katanga ukimya mbele ya mkubwa tunaujaza haraka kwa kupunguza bei wenyewe.

Kuna mlango ambao kijana mmoja mmoja hawezi kuusukuma, nao ni wa kampuni za katikati, kama ile ya ankara yangu. Sheria ya tarehe 8 Februari 2017 ilihifadhi kazi za ukandarasi mdogo kwa kampuni ambazo sehemu kubwa ya mtaji wake iko mikononi mwa Wakongo. Naiunga mkono sheria hiyo. Bila hiyo kampuni yangu isingepata hata mlango wa kubisha. Lakini inahesabu wenye hisa. Haiulizi mtu anayekaa mgodini kwa niaba ya mwenye hisa analipwa sehemu gani ya kile kinachoandikwa kwenye ankara. Kwa hiyo uliza mwenyewe: nitafanya kazi kwa nani hasa, na mtanitoza kwake kama nani? Hawatakuonyesha ankara, na si lazima waonyeshe. Swali tu linamjulisha mwenzako kwamba unajua ankara ipo.

Na "tuanze na hii, baada ya majaribio tutaongeza"? Sheria inakubali kipindi cha majaribio kisichozidi miezi 6 kwa kazi kama zetu. Basi iandikwe: kiasi cha leo, kiasi cha baada ya majaribio, na tarehe. Ahadi ya mdomo haina anayeikumbuka wakati shefu aliyeitoa amehamishiwa Kolwezi.

Iandikwe pia sarafu na kima cha ubadilishaji. Kwa miaka mingi tuliapa kwa dola, na tulikuwa na sababu. Kisha mwishoni mwa 2025 faranga ikapanda, dola ikashuka kutoka karibu 2,800 hadi chini ya 2,500 kwa muda mfupi, na bei ya gunia la unga haikuharakisha kushuka nayo. Waliolipwa dola walijikuta maskini kuliko mwezi uliotangulia bila mtu kugusa mkataba wao. Mkataba unaosema tu "sawa na dola kadhaa" unamwachia mhasibu achague kima cha siku inayompendeza.

Wengine wameamua kuuepuka mji na kufanya kazi kwa kampuni za nje, kutoka sebuleni. Nawapongeza. Ila nimeona fikra ya posho ikiwafuata huko, imevaa suti. "Unaishi wapi? Maisha ya Lubumbashi si ni nafuu?" Kampuni ya programu kama GitLab imeweka hadharani kanuni yake ya mishahara, na ndani yake mna kipimo cha mahali unapoishi. 37signals imetangaza kinyume: inalipa kwa viwango vya San Francisco popote mtu alipo. Kwa hiyo si kweli kwamba dunia nzima inapunguza kwa sababu ya anwani. Ni uamuzi wa kampuni, na uamuzi unajadilika. Kumpimia mtu kwa bei ya unga wa mtaani kwake ni kuhesabu vichwa kulekule kwa Union Minière. Tena unafuu wenyewe uko wapi? SNEL, shirika la umeme, ikikata, ni betri zako, inveta yako na paneli zako zilizomo kazini. Na kama mkataba ni wa mtu huru, hakuna CNSS, hakuna ile siku moja ya likizo ambayo sheria inakupa kwa kila mwezi wa kazi, hakuna muda wa kukuarifu kabla ya kuachishwa. Anayechukua mshahara wa ofisini, akaubadilisha jina kuwa ada ya mtu huru na kuuacha ulivyo, amejilipisha vyote hivyo peke yake.

Mwezi uliopita nilihitaji mtu wa kuandika programu za simu. Katika tangazo niliandika kiasi wazi, msingi kati ya dola 900 na 1,200 bruti, na nikaomba kila mwombaji aandike anachotaka. Waombaji kumi na tisa. Kumi na mmoja, huku namba ikiwa mbele ya macho yao, waliandika "vile mutaona" kwa namna moja au nyingine. Niliwapigia simu wote kumi na mmoja, nikawaambia barua zao sitazisoma hadi waandike kiasi. Tisa walirudisha. Mmoja wao, binti wa Ruashi mwenye uzoefu wa miaka mitatu, aliandika 1,450, na chini yake mistari mitano: programu mbili alizozitengeneza, watu wangapi wanazitumia, na mara ngapi zimeanguka. Imezidi bajeti yangu. Tunakutana naye Alhamisi, na tangu jana niko na mhasibu wangu tunatafuta dola 250 zinaweza kutoka wapi.